San Marino wana ligi ya wadogo wenzao, sisi tuna nini?

San Marino ni nchi yenye watu wapatao 34,000. Isome tena hiyo namba, ndugu msomaji. Elfu thelathini na nne. Manispaa ya Musoma peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya 130,000 katika sensa ya 2012. Maana yake ukiibeba San Marino yote, na wakuu wao wa nchi wawili (ndiyo, wanao wawili kwa mpigo na huwabadilisha kila miezi sita), ukaileta hapa Musoma, inakaa na nafasi inabaki.

Sasa nchi hiyo ndogo kuliko tarafa zetu nyingi, mwaka 1985 iliwaita wadogo wenzake wa Ulaya ikawaambia: jamani, sisi Olimpiki tunakwenda kupunga bendera tu. Mrusi, Mjerumani na Mmarekani wakishapita, hakuna anayejua kama tulikuwepo. Kwa nini tusiwe na michezo yetu wenyewe? Sharti likawa kwamba nchi iwe na watu wasiofika milioni moja. Zikaja nane: wenyeji San Marino, Andorra, Cyprus, Iceland, Liechtenstein, Luxembourg, Malta na Monaco. Montenegro ilianza kushiriki 2011, zikawa tisa. Michezo hiyo hufanyika kila baada ya miaka miwili, mwaka unaogawanyika vibaya. Ya 2025 ilikuwa Andorra. Riadha imo tangu siku ya kwanza.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2016 watu wa riadha wa nchi ndogo za Ulaya walianzisha ubingwa wao peke yao, ukafanyika Malta. Humo wamo na wengine ambao si wadogo sana kwa watu lakini ni wadogo kwenye mchezo wenyewe: Albania, Armenia, Georgia, Kosovo. Mwaka 2018 wakaenda Liechtenstein, 2022 wakarudi Malta (ule wa 2020 uliliwa na korona), 2024 wakaenda Gibraltar. Ni mashindano ya siku moja. Asubuhi watu wanapasha misuli, jioni wanagawana medali, kesho yake kila mtu yuko kwao.

Najua kuna anayesoma hapa anacheka. "Ubingwa wa wanaoshindwa." "Medali za chee." Subiri kwanza, maana mimi naona kichekesho kiko upande wetu.

Hoja yangu ni hii. Tanzania ni nchi kubwa kwa watu na kwa ardhi, lakini kwenye riadha ya uwanjani, yaani mbio za ndani ya mita 400 za mzunguko, kuruka na kutupa, sisi ni wadogo. Wadogo sana. Tofauti yetu na San Marino ni kwamba wao wanajijua, wakajijengea ngazi inayolingana na miguu yao. Sisi tumebaki tunaitazama Olimpiki kama mtu anayetazama embe lililo juu kabisa ya mti, hana ngazi wala upondo, na bado anashangaa kwa nini halidondoki.

Tuanze na takwimu ili tusionekane tunapiga porojo. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Mkoa wa Mara peke yake una watu zaidi ya milioni mbili. Zijumlishe zile nchi tisa za Ulaya zote pamoja, na mashehe wao na mapadri wao, hazifiki milioni nne. Kwa hiyo kwa watu, Mara peke yake si mbali sana na ligi nzima ya wadogo wa Ulaya!

Sasa nikuulize swali. Katika Olimpiki ya Rio 2016, ya Tokyo (ile iliyosogezwa ikafanyika 2021) na ya Paris 2024, Tanzania ilipeleka wanariadha wangapi wa kukimbia uwanjani, kuruka au kutupa? Jibu ni sifuri. Timu yetu ya riadha mara zote tatu ilikuwa ya wakimbiaji wa marathoni watupu. Mtanzania wa mwisho kukimbia uwanjani kwenye Olimpiki ni Zakia Mrisho, mita 5,000, London 2012. Tangu hapo hakuna. Hiyo ni nchi ya Filbert Bayi, wadau!

Vijana wengi wa rika langu Bayi tunamjua kama jina tu, kwa hiyo tukumbushane. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana wa Karatu alitoka mbele tangu mlio wa bastola katika mita 1,500 na hakuna aliyemshika. Dakika 3 sekunde 32.2. Rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado akala vumbi. Muda ule ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Madola kwa miaka 48, hadi Birmingham 2022. Na hapa nyumbani ndiyo rekodi ya taifa ya mita 1,500 mpaka leo. Zaidi ya nusu karne! Aliyeiweka ni babu sasa, na wajukuu bado hawajamfikia.

Na sisi wa Mara tuna wa kwetu. Suleiman Nyambui ni mzaliwa wa Majita, kandokando ya ziwa hili hili. Moscow 1980 alikimbia mita 5,000, akamfukuza Miruts Yifter wa Ethiopia hadi mita za mwisho, akamaliza wa pili nyuma yake kwa chini ya sekunde moja. Siku hizo hizo Bayi akachukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania iliyowahi kupata kwenye Olimpiki, tangu tuanze kwenda miaka ya 1960. Nyambui hakuishia hapo. Alikuwa chuo kikuu El Paso, Texas, akikusanya mataji ya vyuo vikuu vya Marekani, na baadaye alishinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988.

Simvunjii heshima hata mmoja nikisema jambo ambalo wengi hatupendi kulisema. Moscow 1980 Wakenya hawakuwepo. Wamarekani hawakuwepo, Wajerumani wa Magharibi hawakuwepo. Walisusia kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Sisi tulikwenda, hata baada ya Marekani kumtuma Muhammad Ali mwenyewe Dar es Salaam kuja kutushawishi tusiende, na Mwalimu akakataa hata kuonana naye. Bayi na Nyambui walikuwa wa kiwango cha dunia, hilo halina ubishi, wangeweza kusimama na yeyote. Lakini somo liko wazi: idadi ya wakubwa waliopo kwenye mstari wa kuanzia inabadilisha hesabu. Wazungu wadogo walilielewa hilo wakaligeuza kuwa mpango. Sisi lilitutokea kwa bahati mara moja, tukafurahi, tukalala.

Sasa tuje kwenye ngazi. Mtoto wa hapa Kigera anayekimbia vizuri anaanza shule ya msingi. Kuna UMITASHUMTA: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Akifika sekondari kuna UMISSETA, na akiwa hodari sana anaweza kupelekwa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Mpaka hapo ngazi ipo, hata kama vipandio vingine vimeoza. Na tusisahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ya shule ilipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, eti watoto wasome. Kizazi kizima kikapita bila kuvaa namba kifuani. Ukitafuta kwa nini hatuna mkimbiaji wa uwanjani aliyefika Rio, anzia hapo.

Lakini tuseme mtoto wetu amepita vyote. Ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne au cha sita, anakimbia mita 800 kwa muda mzuri wa kijijini, kwenye nyasi, pekupeku au na raba za kuazima. Kinachofuata ni nini?

Kinachofuata ni ubingwa wa taifa, mara moja kwa mwaka, kama nauli ipo. Akishinda, kipandio kinachofuata ni muda wa kufuzu Olimpiki au ubingwa wa dunia. Hapo katikati hakuna kitu. Ni kama kumtoa mtu darasa la saba ukamkalisha mtihani wa udaktari. Akibahatika anaingia jeshini au polisi, ambako angalau kuna timu na kocha. Asipobahatika anarudi kuvua dagaa, au anapata bodaboda, na wewe abiria unayeshikilia koti lake hujui kwamba umebebwa na bingwa wa mkoa.

Ndiyo maana kila mwenye pumzi anakimbilia marathoni. Simlaumu hata mmoja. Barabarani kuna ngazi kamili. Kuna Kili Marathon pale Moshi, kuna Rock City Marathon pale Mwanza, kuna nyingine nyingi kila mwezi, zenye kilomita 5, 10, 21 na 42, na mshindi anaondoka na bahasha. Kijana anaweza kuanza na zawadi ya laki moja, akapanda, akaonwa na wakala, akaenda nje. Alphonce Simbu amepanda barabara hizo mpaka juu kabisa: shaba ya dunia London 2017, fedha ya Madola Birmingham 2022, wa pili Boston Aprili 2025, halafu Septemba 2025 pale Tokyo akawa bingwa wa dunia, kwa saa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na picha kwa sekunde 0.03. Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mimi siku ile niliruka kwenye kiti!

Usione vyaelea, vimeundwa. Simbu ameundwa na barabara kwa sababu barabara ina vipandio. Uwanja hauna, ndiyo maana hauna Simbu wake. Hatuna upungufu wa vipaji vya mita 400 au vya kutupa mkuki kuliko vipaji vya marathoni. Nenda kaangalie watoto wa mwaloni wanavyorusha mawe ziwani, halafu uniambie Mara haina mikono ya mkuki.

Mtu ataniambia: mbona tuna majirani, tushindane nao? Ni kweli, na hapo ndipo hadithi ya San Marino inapotuhusu hasa. Majirani zetu ni akina nani? Ukitoka Musoma kwa basi asubuhi, kabla ya chakula cha mchana umefika Sirari, na ng'ambo ya geti ni Kenya. Juu kidogo kuna Uganda ya Joshua Cheptegei. Juu zaidi Ethiopia. Huko "mashindano ya kanda" katika mbio za kati na ndefu maana yake ni fainali ya Olimpiki iliyobadilishiwa jezi. Mtoto wetu anakwenda mara moja, anazungukwa, anarudi nyumbani ameinamisha kichwa, viongozi wanasema "tumejifunza mengi", na mwakani anapelekwa mwingine ajifunze mengi.

Mwanariadha hakui kwa kuzungukwa kila mara. Anakua kwa kukimbia na mtu aliye mbele yake kwa hatua tatu, ambaye mwezi ujao anaweza kumpata. Hilo ndilo wadogo wa Ulaya walilolinunua kwa ligi yao. Msichana wa Malta anayekimbia mita 100 kwenye ubingwa wa Ulaya anatolewa raundi ya kwanza, amekimbia sekunde kumi na mbili, basi. Kwenye michezo ya wadogo anakimbia mchujo, anakimbia fainali, anasikia shinikizo la fainali, anajua kushinda na kushindwa kwa inchi. Hiyo ni shule. Wengine wanamaliza hapo na inatosha, wana hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Wachache wanapanda zaidi.

Na wanaopanda wapo. Kyriakos Ioannou wa Cyprus alichukua shaba ya dunia ya kuruka juu Osaka 2007 na fedha Berlin 2009. Vala Flosadóttir wa Iceland, nchi iliyokuwa na watu wasiofika laki tatu wakati huo, alipata shaba ya Olimpiki ya kuruka kwa upondo Sydney 2000. Patrizia Van der Weken wa Luxembourg alipata shaba ya mita 60 kwenye ubingwa wa dunia wa ukumbini 2025, tena mbio fupi, mahali ambapo mtu angesema wadogo hawana chao. San Marino yenyewe ilitoka Tokyo na medali tatu za Olimpiki, mbili za kulenga shabaha na moja ya mieleka. Hesabu ya maisha ya Tanzania ni mbili. Wale watu 34,000 walitupita kwa wiki mbili.

Sisemi kwamba ligi yao ndiyo iliyozaa medali zote hizo. Wana fedha, wana barabara, wana viwanja, na baadhi ya wanamichezo wao wanafanya mazoezi nchi nyingine. Ninachosema ni kwamba fedha hizo zote walizonazo hazikuwafanya waone aibu kuanza chini. Sisi ambao hatuna fedha ndio tunaona aibu!

Kwenye mpira hatuna aibu hiyo. Kombe la CECAFA ni nini kama si ligi ya wadogo? Hakuna aliyewahi kusema ubingwa wa CECAFA ni wa chee. Mwaka 1995 Zanzibar ilipolichukua, watu Unguja na Pemba hawakuuliza kama Brazil ilikuwepo. Walishangilia, na mpaka leo wazee wa visiwani wanakutajia kikosi kile jina moja moja. Kombe la kiwango chako linakupa kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo inayomfanya mtoto mwingine avae viatu. Kwa nini kwenye riadha tuwe na kiburi ambacho kwenye mpira hatuna?

Na hata huku kwetu Bahari ya Hindi wadogo wameshafanya. Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi ilianza Reunion mwaka 1979. Wamo Mauritius, Shelisheli, Madagascar, Maldives, Mayotte, na ndugu zetu wa Komoro. Ina matatizo yake. Mwaka 2015 Wakomoro waliondoka wakiwa wamekasirika kwa sababu ya Mayotte kuandamana na bendera ya Ufaransa. Lakini wamerudi, na michezo ya 2027 wamepewa wao kuandaa. Komoro! Nchi ya watu wasiofika milioni moja itapokea visiwa vyote hivyo. Zanzibar, iliyo kisiwa kuliko Madagascar, haimo, na sijawahi kusikia tukilijadili kwa uzito.

Sasa tufanye nini? Wabongo hodari wa kulalamika, kutoa dawa ni kazi. Nami ngoja nijaribu, mnisahihishe.

Kwanza, turudishe mashindano kwenye kata. Si lazima uwe na uwanja wenye njia za mpira, maana viwanja hivyo nchini ni vya kuhesabu. Wadogo wa Ulaya wenyewe wanamaliza ubingwa kwa siku moja. Kata inahitaji nyasi, chokaa ya mistari, futi kamba, saa mbili za kusimamisha na mwalimu mwenye filimbi. Hapa Musoma tuna Uwanja wa Karume. Kata za manispaa zikikutana pale Jumamosi moja kila mwezi, kuanzia Machi hadi Septemba, mtoto wa Kigera atakuwa amekimbia mara saba kwa mwaka badala ya mara moja. Wakenya hawana uchawi mwingine. Wana mashindano ya wikiendi, mkoa kwa mkoa, wanakimbizana wao kwa wao mpaka wanachokana.

Pili, tuwe na madaraja. Ulaya kuna ubingwa wa timu za mataifa wenye madaraja ya kupanda na kushuka kama ligi ya mpira, na nchi zile ndogo kabisa zinaruhusiwa kuunganisha wanariadha wao na kuunda timu moja ili wasikose. Nasi tufanye hivyo kwa mikoa. Arusha, Manyara na Singida wana utamaduni wa mbio, ukiwaweka kundi moja na Lindi, Lindi hatarudi tena. Waweke Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Kigoma pamoja. Anayeshinda apande akutane na Manyara mwakani. Utaona watu wanavyoanza kutafuta makocha.

Tatu, Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa wakae na nchi ambazo uwanjani tunalingana nazo: Rwanda, Malawi, Msumbiji, Komoro, Zambia ikipenda. Siku mbili, mbio fupi, kuruka, kutupa na kupokezana vijiti. Miaka ya 1970 yalikuwepo mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zikikutana. Ni enzi ile ile tuliyokuwa na Bayi na Nyambui. Wazo hili kwa hiyo si geni, tuliliacha sisi wenyewe. Na tukishapata watu wanaokimbia vizuri miongoni mwa wadogo, tuwapeleke Nairobi wakazungukwe kidogo. Safari hii watakuwa na sababu ya kutozungukwa tena.

Nne, na hii inatuhusu sisi wa kalamu. Fungua gazeti lolote la Kiswahili Jumatatu. Kurasa za michezo ni Simba, Yanga, Ligi ya Uingereza, na usajili wa mchezaji ambaye hata hajaja. Riadha inapata aya moja chini ya tangazo, na mara nyingi aya hiyo haina muda aliokimbia mtu. "Fulani aibuka kidedea." Kwa dakika ngapi? Kwa sekunde ngapi? Bila muda, habari ya riadha ni kama habari ya mpira isiyo na magoli. Kwenye nchi ndogo mtu wa 40 kwenye ubingwa wa Ulaya anaandikwa ukurasa wa mbele kama amevunja rekodi ya taifa, kwa sababu msomaji amezoeshwa kujua rekodi ya taifa ni ngapi. Wewe unayesoma hapa, rekodi ya taifa ya wanawake ya mita 400 unaijua? Kama huijui, kosa si lako. Hakuna aliyekuambia.

Kuna watakaosema fedha hakuna. Lakini safari ya Olimpiki ya wachezaji wachache na viongozi wengi fedha yake huwa inapatikana, na suti za kupanda nazo ndege huwa zinashonwa. Mimi nasema tuchukue sehemu ndogo ya fungu hilo tununue saa, futi kamba na mikuki, tuitawanye wilayani. Bingwa wa Olimpiki hatengenezwi mwaka wa Olimpiki. Huyo wa 2036, kama yupo, sasa hivi ana miaka kama kumi au kumi na miwili. Yuko darasa la tano mahali fulani, pengine anakimbia kuwahi namba shuleni kesho asubuhi, na hakuna mtu mwenye saa anayemtazama.

Nchi ya watu 34,000 ilikubali kuwa ndogo na ikapata mahali pa kukimbilia. Sisi milioni sitini na ushee tumekataa kuwa wadogo, tumebaki bila mahali pa kukimbilia. Mdogo asiyejua udogo wake hakui, anazeeka tu.

Naomba kutoa hoja.